SOMO: NANI ATALIPA BILI YA BARIDI?
Jinsi vyama vya raia wa Marekani vinavyodai msaada wa nishati kwa wanyonge



Sote tunajua maana ya kukatiwa umeme. Zamani fundi alikuja na ngazi yake. Siku hizi hana haja ya kuja: uniti za Yaka zinakwisha saa mbili usiku, watoto hawajamaliza kusoma, na chumba kinakuwa giza. Ni taabu, lakini hapa kwetu mtu huwasha koroboi, akala chakula chake, akalala. Katika nchi za baridi kali mambo si hivyo. Huko Maine au Minnesota, mwezi wa Januari maji huganda ndani ya mabomba ya nyumba, na mzee au mtoto mchanga aliyelala katika nyumba isiyo na moto anaweza asiamke.

Wako watu watakaouliza: ya Marekani yatuhusu nini? Nchi hiyo ni tajiri, na dola zao hatutaziona. Kweli. Lakini utajiri wa nchi si utajiri wa kila aliyemo. Marekani ina mamilioni ya wafanyakazi na wastaafu ambao kila mwaka huchagua kati ya kulipa bili ya moto na kununua chakula. Miongoni mwao wamo ndugu zetu kutoka Kongo na Burundi, waliopelekwa huko kama wakimbizi, ambao leo wanafanya kazi katika viwanda vya nyama na maghala. Somo hili halihusu dola. Linahusu njia: jinsi vyama vidogo vya mitaani, visivyo vya kutafuta faida, vilivyoifanya serikali itoe fedha, na jinsi vinavyozilinda fedha hizo zisifutwe. Njia hiyo ina mafunzo, na ina kasoro zake pia.

MSAADA ULIVYOANZA

Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zinazotoa mafuta zilipunguza uuzaji. Kufikia mwanzoni mwa 1974 bei ya mafuta ghafi ilikuwa imepanda karibu mara nne. Hapa Afrika Mashariki tulikiona cha moto katika nauli, mbolea na mafuta ya taa. Huko Marekani pigo lilifika kupitia tangi la mafuta ya kupashia nyumba joto. Mjane aliyekuwa akijaza tangi lake kila mwezi aliona sasa hawezi kulijaza hata nusu.

Waliosikia kilio hicho kwanza hawakuwa wabunge. Walikuwa watu wa vyama vya mtaa vilivyoanzishwa chini ya sheria ya mwaka 1964 ya kupambana na umaskini. Vyama hivyo bado vipo, karibu 1,000 nchi nzima. Sheria inataka halmashauri ya kila kimoja iwe na theluthi moja ya viongozi wa umma, si chini ya theluthi moja ya wawakilishi wa wakazi maskini wenyewe, na waliobaki watoke katika biashara, makanisa, elimu na vyama vya wafanyakazi. Tuliweke moyoni hilo la mwisho: kiti cha mfanyakazi kimo katika sheria, asipokikalia mwingine atakikalia.

Katika jimbo la Maine, kipupwe cha 1973 na 1974, watu wa vyama hivyo walianza kuziba nyufa za nyumba za maskini, kufunika madirisha na kujaza dari vitu vya kuzuia baridi. Kazi hiyo ya mikono iligeuka kuwa hoja. Walipokwenda Washington hawakusema tu kwamba watu wanateseka. Walisema: tumefanya hivi, inawezekana, tupeni fedha tufanye zaidi. Mwaka 1976 sheria ya nchi nzima ya kukarabati nyumba za maskini ilipitishwa. Mwaka 1977 serikali ilitoa dola milioni 200 za dharura kwa ajili ya bili za baridi. Mwaka 1980, bunge lilipoweka kodi juu ya faida kubwa isiyotokana na jasho iliyokuwa ikipatikana kwa makampuni ya mafuta, lilipitisha pia mpango wa msaada wa nishati. Mwaka 1981 mpango huo ulipewa umbo ulilonalo mpaka leo, na Wamarekani huuita kwa herufi zake, LIHEAP.

Vyama vya wafanyakazi navyo havikukaa kando. Mwaka 1978 uliundwa muungano wa raia na wafanyakazi juu ya nishati, na rais wake akawa William Winpisinger, aliyekuwa rais wa chama cha mafundi mitambo. Muungano huo ulipinga kuachiliwa kwa bei ya gesi na kukatiwa watu moto wakati wa baridi. Kiongozi wa mafundi alielewa jambo rahisi: nyongeza ya mshahara aliyoipigania mezani mwezi wa Machi iliweza kumezwa yote na bili ya Desemba.

FEDHA ZINAVYOPITA

Hapa yafaa tusome polepole, maana asiyejua njia ya fedha hajui pa kusimama.

Bunge la Marekani huamua kila mwaka kiasi cha fedha. Wizara ya afya na huduma za jamii huzigawa kwa majimbo. Jimbo huandika mpango wake: nani asaidiwe, apewe kiasi gani, milango ifunguliwe lini. Kisha kazi ya kupokea maombi hufanywa mara nyingi na vile vyama vya mtaa. Mwombaji anapeleka bili na uthibitisho wa kipato, na akikubaliwa fedha kwa kawaida haziendi mkononi mwake bali kwa kampuni ya umeme au gesi, kwa mwuza mafuta, au hata kwa mwuza kuni. Kipato kinachoruhusiwa hakizidi asilimia 150 ya mstari wa umaskini wa serikali, au asilimia 60 ya kipato cha kati cha jimbo, ipi iliyo kubwa. Mtu akiwa katika hatari ya kukatiwa, sheria inataka asaidiwe ndani ya saa 48. Kama maisha yake yako hatarini, ndani ya saa 18.

Yote hayo ni mazuri kwenye karatasi. Lakini kuna neno moja linalopaswa kupigiwa mstari: msaada huu si haki. Mzee anayestahili pensheni ya serikali hulipwa hata wazee wawe wengi namna gani. Msaada wa nishati hauko hivyo. Fedha za mwaka zikiisha, mlango unafungwa, na aliyekuwa nyuma kwenye foleni anarudi nyumbani mikono mitupu ingawa anastahili sawasawa na aliyetangulia. Familia zinazosaidiwa kwa mwaka ni kama milioni 6, nazo ni chini ya robo ya zinazostahili.

Kwa hiyo vita havimaliziki. Mwaka 1995 Baraza la Wawakilishi lilipitisha mswada wa kuzifuta fedha hizo kabisa. Hazikufutwa, lakini zilipunguzwa sana. Mwaka 2009, baada ya bei za nishati kupaa, zilifika dola bilioni 5.1, kisha zikashuka tena. Mwaka 2017 na tena mwaka 2025 rais alipendekeza mpango ufutwe wote, na Aprili 2025 watumishi wa wizara waliousimamia waliachishwa kazi. Mwezi wa Oktoba na Novemba mwaka huo serikali ilipofungwa kwa kukosa bajeti, fedha zilichelewa huku baridi ikianza. Mpango una umri wa zaidi ya miaka 40 na bado kila mwaka inabidi uombewe uhai kama mgonjwa.

MILANGO MITATU

Vyama vinavyojua kazi vimegundua kwamba kuna milango mitatu, na kila mmoja una funguo yake.

Mlango wa kwanza ni bunge, na swali lake ni kiasi. Mwaka wa fedha wa Marekani huanza tarehe 1 Oktoba. Anayengoja mpaka Desemba watu waanze kuganda ndipo aandike barua amechelewa karibu mwaka mzima. Kamati za bajeti hukaa tangu majira ya kuchipua, jua likiwa linawaka, wakati hakuna mbunge anayefikiri habari ya baridi. Ndiyo maana chama chenye akili hukusanya habari zake wakati wa baridi na kuzipeleka wakati huo.

Na habari zenyewe ni zipi? Hapa ndipo wengi hukosea. Huenda mbele ya mbunge na kulia kwamba umaskini umezidi. Mbunge anatikisa kichwa kwa huruma, anapiga picha nao, mambo yamekwisha. Chama kilichojipanga hufika na daftari. Wilayani kwako watu kadhaa waliomba, kadhaa walipata, kadhaa walifukuzwa. Fedha ziliisha tarehe fulani ya Februari. Makampuni yalitoa ilani kadhaa za kukata. Kati ya waliofukuzwa, kadhaa walikuwa na watoto chini ya miaka 6. Hesabu hizi hazihitaji msomi. Zinahitaji karani mwaminifu anayeandika kila siku, na hasa anayemwandika yule aliyekosa. Ofisi nyingi huhesabu waliosaidiwa kwa sababu ndiyo sifa yao. Aliyekosa hutoka mlangoni asiandikwe popote, na asiyeandikwa hana wa kumtetea.

Hesabu ikipata shahidi huwa na nguvu zaidi. Madaktari wa watoto wa Boston waliona kwamba baada ya miezi ya baridi kali watoto waliokonda walizidi hospitalini. Mwaka 2006 madaktari na watafiti walichapisha uchunguzi wa watoto chini ya miaka 3 katika familia maskini, wakionyesha kwamba watoto wa familia zilizopata msaada wa nishati hawakuwa katika hatari ya utapiamlo sawa na wale wa familia zilizokosa. Tangu hapo bili ya gesi haikuwa tena habari ya gesi tu. Ilikuwa habari ya uzito wa mtoto, na daktari ndiye aliyekuwa akisema.

Mlango wa pili ni jimbo, na swali lake ni mgawo. Sheria inataka kila jimbo liuonyeshe mpango wake kwa umma na kuwasikiliza wananchi kabla ya kuupeleka Washington. Mikutano hiyo haina shamrashamra. Mara nyingi hukaliwa na watumishi wawili, karani mmoja na viti vitupu. Lakini hapo ndipo huamuliwa kama mpangaji ambaye moto umo ndani ya kodi ya nyumba atahesabiwa, kama ofisi itafunguliwa jioni ili mfanyakazi wa zamu aweze kufika, kama fomu itakuwa katika lugha anayoielewa mkimbizi. Jimbo laweza kutumia hadi asilimia 15 ya fedha kukarabati nyumba, na si zaidi ya asilimia 10 kwa uendeshaji. Chama kinachokuja na wazee watatu na maneno ya dakika tano kinaweza kupata humo zaidi ya maandamano ya watu elfu. Tena kuna jambo la joto: mpango huu ulizaliwa na baridi, na kwa muda mrefu majimbo ya baridi yalipendelewa. Chicago, Julai 1995, joto kali liliua watu zaidi ya 700, wengi wao wazee waliokaa peke yao. Watu wa majimbo ya kusini wamelazimika kueleza tena na tena kwamba feni na mashine ya kupoza hewa si anasa mtu anapokuwa na miaka 80.

Mlango wa tatu ni tume ya jimbo inayosimamia makampuni ya umeme na gesi, na swali lake ni bei na ukataji. Kwa maoni yangu huu ndio mlango mkubwa, ingawa wengi huupita. Tazameni: fedha za msaada huishia kwa kampuni. Bei ikipanda kwa kiasi kilekile msaada ulichoongezwa, mnyonge hakupata kitu. Amekuwa mfereji tu. Ndiyo sababu makampuni nayo hupeleka watu wao Washington kuuombea mpango huu, bega kwa bega na vyama vya maskini. Si vibaya kuwa na rafiki wa namna hiyo, ila ujue anakwenda wapi. Katika tume mtakuwa pande mbili za meza.

Kwenye mlango huo wa tatu yamepatikana mambo ya kudumu. California ilipitisha mwaka 1975 sheria ya kiwango cha lazima: uniti za mwanzo ambazo kila nyumba haiwezi kuishi bila hizo zilipewa bei nafuu. Ohio mwaka 1983 ilianza mpango ambao familia maskini hulipa asilimia maalumu ya kipato chake badala ya bili yote. Majimbo kadhaa yamekataza kukata moto wakati wa baridi. Wisconsin, kwa mfano, hairuhusu tangu tarehe 1 Novemba mpaka tarehe 15 Aprili. Deni haliondoki, Aprili linamngoja mtu mlangoni, lakini atakuwa hai wa kulijibu. Na makatazo haya yana sababu. Januari 2009, katika jimbo la Michigan, mzee wa miaka zaidi ya 90 alikutwa amekufa kwa baridi ndani ya nyumba yake baada ya kuwekewa kifaa cha kupunguza umeme kwa sababu ya deni.

Illinois mwaka 1983 iliunda kwa sheria bodi ya watumiaji wa umeme na gesi, inayoendeshwa kwa michango ya wanachama, ili iwe na wanasheria wake mbele ya tume. Ubunifu mkubwa ulikuwa huu: karatasi ya kualika wanachama iliwekwa ndani ya bahasha ileile ya bili. Makampuni yalichukia, na si ajabu. Mwaka 1986, katika kesi iliyotoka California, Mahakama Kuu ya nchi iliamua kwamba kampuni haiwezi kulazimishwa kubeba katika bahasha yake maneno ya wanaoipinga. Illinois ikahamishia karatasi hizo katika barua za ofisi za serikali ya jimbo. Mlango ukifungwa, dirisha.

SHERIA INARUHUSU NINI

Vyama vingi huogopa. Viongozi husema: sisi ni chama cha hisani, tukifungua kinywa tutanyang'anywa msamaha wa kodi. Hofu hii huwafaa sana wale wasiotaka wasikie.

Sheria ya Marekani inasema hivi. Chama cha hisani kumpigia debe mgombea wa uchaguzi ni marufuku kabisa, tangu 1954. Kumwomba mbunge apitishe au akatae mswada kunaruhusiwa, mradi kusiwe sehemu kubwa ya kazi ya chama. Tangu 1976 chama kinaweza kuchagua kupimwa kwa fedha: asilimia 20 ya dola 500,000 za kwanza za matumizi yake yaweza kwenda katika kazi hiyo, yaani dola 100,000, na robo ya hizo katika kuwahimiza wananchi waandike. Kwa kipimo hicho mtu anayejitolea bila malipo hahesabiwi kitu, wala kutoa ushahidi mbele ya tume ya bei si kushawishi bunge. Kinachokatazwa ni kutumia fedha za serikali yenyewe kuishawishi serikali. Basi chama chenye busara huweka daftari mbili, ya fedha za serikali na ya michango, na hakizichanganyi hata kwa senti ya nauli.

Mnaona kwamba nafasi ni pana kuliko hofu. Wengi wamekaa kimya miaka 20 kwa kukatazwa jambo ambalo hakuna aliyewakataza.

TUKIRUDI KWETU

Uganda ina kiwango cha lazima. Katika bei za mwaka 2025 nyumba hupata uniti 15 za mwanzo za mwezi kwa shilingi 250 kila moja, na baada ya hapo bei hupanda zaidi ya mara mbili. Kwa familia yenye mita yake na taa tatu, huo ni msaada wa kweli. Lakini fikirini laini za kambi ya shamba, au nyumba ya kupanga yenye vyumba 8 na mita moja. Uniti 15 zinaisha siku ya pili au ya tatu, na mwezi uliobaki wale maskini 8 wanalipa bei ya mtu mwenye friji na pasi. Nafuu iliyotungwa kwa ajili ya mnyonge inampita mnyonge mlangoni kwa sababu hana mita. Ni mkasa uleule wa mpangaji wa Marekani ambaye moto umo ndani ya kodi.

Bei hupangwa na ERA, nayo hupokea maoni ya watu kabla ya kuidhinisha bei mpya. Wenye viwanda hupeleka mahesabu yao yaliyopigwa chapa vizuri. Wakazi wa laini hawajulikani kama wapo.

Maswali ya kujadili katika tawi:

Katika laini au mtaa wenu, vyumba vingapi vinatumia mita moja, na nani hununua uniti? Fanyeni hesabu ya mwezi mmoja, chumba kwa chumba, pamoja na makaa na mafuta ya taa. Ni sehemu gani ya mshahara?

Nani atashika daftari? Mchagueni sasa, na mseme ataonyesha hesabu kwa nani na lini.

Jambo la mita za pamoja lipelekwe kwa mwajiri mwenye nyumba, kwa kampuni ya usambazaji au kwa ERA? Huenda ni kwa wote watatu, lakini kwa kila mmoja ombi ni tofauti. Liandikeni kila ombi kwa sentensi mbili.

Ni mkunga au mganga gani wa zahanati ya karibu ameona macho na vifua vya watoto wanaosomea koroboi, na yuko tayari kusema mbele ya watu?